Tarumbeta na Fundi Wake: Sura Moja ya Historia ya Beni

Utangulizi

Miongoni mwa ngoma za Afrika ya Mashariki zilizovuta macho ya wanahistoria, beni imepata nafasi ya mbele. T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameeleza jinsi ngoma hiyo ilivyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara hadi kwenye maziwa makuu na migodini, na jinsi vyama vyake vilivyojipanga kwa vyeo, sare na mashindano. Kutokana na utafiti wa namna hiyo tumewajua wafalme wa beni, mahakimu wake, na waimbaji wake waliotunga nyimbo za kejeli. Hata hivyo, katika masimulizi mengi ya beni yuko mtu mmoja ambaye hutajwa kwa nadra sana. Mtu huyo ni fundi, yule aliyeketi na nyundo na moto wake tarumbeta lilipobonyea, kupasuka au kukwama.

Katika makala haya tunakusudia kumrudisha fundi huyo mahali pake. Tunafanya hivyo kwa sababu ya lawama moja ambayo beni imetupiwa tangu siku za ukoloni, nayo ni kwamba beni ilikuwa uigaji mtupu wa bendi za askari wa kizungu. Lawama hiyo huwa na nguvu tukitazama sare na vyeo peke yake. Tukitazama chombo chenyewe, na yaliyokipata baada ya kununuliwa, mambo hubadilika. Chombo kilichotoka ng'ambo huanza kuwa mali ya jamii siku jamii hiyo inapojua kukitengeneza, au inapojua la kufanya kikishindikana kutengenezeka. Hiyo ndiyo hoja tutakayoifuata.

Shaba na pwani kabla ya beni

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba wapwani walikutana na pembe ya madini kwa mara ya kwanza katika bendi za Wazungu. Katika makumbusho ya Lamu zimehifadhiwa siwa mbili mashuhuri: siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba. Zote mbili hupulizwa ubavuni, si nchani kama tarumbeta. Siwa ilikuwa alama ya enzi na ya uungwana. Ililia katika sherehe za watawala, na huko Lamu ililia pia katika arusi za jamaa wenye haki ya kupulizwa siwa. Unguja nako Mwinyi Mkuu alikuwa na siwa yake, nayo ilichongwa kwa mti.

Siwa ya Lamu ilitengenezwa kwa njia ya kalibu ya nta. Kwa njia hiyo fundi hufinyanga kwanza umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma ili nta iyeyuke na kutoka, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka mahali palipoachwa wazi. Kila kalibu huvunjwa baada ya kazi, kwa hiyo hakuna vyombo viwili vinavyofanana kabisa. Ustadi huo wa kuyeyusha na kumimina haukuwa wa kila mtu, lakini ulikuwapo.

Tena, miji ya pwani haikukosa watu wa madini. Wahunzi walifua majembe na nanga, masonara walifua na kulehemu mapambo ya fedha, na mafundi wa bati walitengeneza taa, makopo na birika, na kuvitia bati upya vyombo vya shaba vya jikoni. Watu hao walikuwa wa asili mbalimbali, Waswahili, Waarabu na Wahindi, na maduka yao yalikuwa katika mitaa ile ile ambamo beni ilikuja kuzaliwa. Tarumbeta lilipoharibika, halikuangukia katika nchi isiyojua shaba wala lehemu.

Kuja kwa matarumbeta na kuzuka kwa beni

Matarumbeta na mabaragumu ya kizungu yaliingia kwa milango kadhaa. Mlango wa kwanza ulikuwa jumba la mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi iliyopigwa na Wagoa. Mlango wa pili ulikuwa misheni. Huko Freretown karibu na Mombasa, katika makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, vijana walifundishwa kupiga vyombo vya shaba. Mlango wa tatu ulikuwa jeshi na shule za serikali. Katika Tanganyika ya Wajerumani, askari waliamshwa na kulazwa kwa buruji, na shule ya serikali ya Tanga ilijulikana kwa bendi ya wanafunzi wake.

Kutokana na chemchemi hizo ilizuka beni, na jina lake lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi lililovikwa vazi la Kiswahili. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi vilivyoshindana kwa fahari. Tanganyika vikatokea vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 vilivitawanya vyama hivyo mbali, kwani askari na wapagazi waliotembea nchi nzima walitembea na ngoma zao.

Si vyama vyote vilivyokuwa na vyombo sawa. Chama chenye watu wa mishahara kiliweza kuchangisha fedha kikaagiza matarumbeta. Chama cha vibarua kiliridhika na ngoma kubwa, filimbi na pengine buruji moja. Ndiyo kusema kwamba tarumbeta lilikuwa mali ya thamani, iliyonunuliwa kwa michango ya wengi. Likiharibika, hasara haikuwa ya mpigaji peke yake. Michango ya chama kizima ilikuwa hatarini, pamoja na heshima yake mbele ya chama pinzani katika shindano lililokuwa linakuja.

Tarumbeta na madhara yake

Ili tuelewe kazi ya fundi, hatuna budi tukijue chombo. Tarumbeta la kawaida ni bomba la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, lenye urefu wa kiasi cha mita 1.4 na lililokunjwa ili lichukulike. Mwanzo wake ni kipulizio, kile kipande kidogo anachokiweka mpigaji midomoni. Mwisho wake ni mdomo mpana uliochanua kama ua. Katikati mna pistoni 3. Pistoni ya kwanza ikibonyezwa hulirefusha bomba kiasi cha kuishusha sauti kwa toni moja. Ya pili huishusha kwa nusu toni. Ya tatu kwa toni moja na nusu. Kwa kuzichanganya, mpigaji hupata sauti zote za ngazi ya muziki. Uvumbuzi wa pistoni ulipatikana Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kabla ya hapo tarumbeta lilikuwa bomba tupu, kama buruji, lenye sauti chache tu ambazo bomba lenyewe huzitoa kwa asili yake.

Madhara ya tarumbeta twaweza kuyagawa katika mafungu matatu, na mafungu hayo yatatusaidia kuielewa historia yake.

Fungu la kwanza ni yale yanayotengenezeka kwa mikono na zana za mtaani. Bomba likibonyea, fundi huingiza ndani yake ufito wa chuma wenye kichwa cha mviringo, akaisukuma sehemu iliyobonyea taratibu huku akiigonga kwa nje kwa nyundo nyepesi. Hapa shaba ina tabia ambayo mhunzi wa chuma hana budi kujifunza upya. Mhunzi amezoea kwamba chuma cha pua kikipashwa moto na kutumbukizwa majini huwa kigumu. Shaba ya manjano haifuati kanuni hiyo. Kinachoifanya iwe ngumu ni kugongwagongwa, na moto ndio unaoilainisha. Fundi asiyejua jambo hilo huendelea kugonga sehemu ile ile mpaka ikapasuka. Anayejua huacha nyundo, hupasha moto kidogo, hungoja, kisha hurudi kazini.

Viungo vya tarumbeta navyo hushikanishwa kwa lehemu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwa joto lisilofika hata digrii 200 za sentigredi, ilhali shaba yenyewe huhitaji joto la zaidi ya digrii 900. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha matengenezo, kwa maana kiungo chaweza kufunguliwa na kufungwa tena bila ya bomba kudhurika. Hata mtengenezaji wa kwanza kiwandani alijua kwamba siku moja kazi yake italazimika kufumuliwa. Hatari iliyopo ni kwamba moto unaofungua kiungo kimoja waweza kufungua na cha jirani. Kwa hiyo fundi mwangalifu hufunga kitambaa kibichi pale asipotaka joto lifike. Sonara, aliyezoea kulehemu bangili na mikufu, alikuwa na ujuzi huo tayari mikononi mwake.

Fungu la pili ni la vipande vinavyoweza kubadilishwa kwa kingine kilicho karibu navyo. Chini au juu ya kila pistoni mna springi inayoirudisha juu, na pistoni zina vipande vya sufi nzito vinavyozuia chuma kisigonge chuma. Pale penye kitundu cha kutolea mate mna kizibo kidogo. Vitu hivi huchakaa upesi, hasa katika nchi ya joto na unyevu wa chumvi. Lakini kizibo chaweza kushikiwa nafasi na ngozi laini au mpira, na sufi yaweza kukatwa katika nguo nzito. Springi yahitaji uangalifu zaidi, kwani ikiwa kali mno huchosha vidole, na ikiwa legevu pistoni huchelewa kurudi, na wimbo ukapotea.

Fungu la tatu ni la yale yasiyotengenezeka pasipo kiwanda. Pistoni hukaa ndani ya silinda yake kwa nafasi ndogo mno, inayotosha utando mwembamba wa mafuta tu. Kila pistoni husuguliwa ili ioane na silinda yake yenyewe, ndiyo maana huandikwa nambari 1, 2 na 3. Ya kwanza haikai sawasawa mahali pa ya pili, sembuse ya tarumbeta jingine. Ikipinda au ikiliwa na kutu, fundi wa mtaani hana njia ya kuizalisha. Vilevile yako maradhi ya shaba yenyewe, ambapo zinki huliwa na unyevu wa pumzi na mate ikaacha shaba nyekundu yenye vitundu. Madoa mekundu yakionekana kwa nje, ndani bomba limekwisha kuoza, na kiraka hulichelewesha tu lisife.

Mara nyingi madhara ya fungu la tatu huzaliwa na uzembe katika la kwanza. Kipulizio kikikwama, mpigaji mwenye pupa hukamata koleo na kukikongoa kwa nguvu. Kipulizio hutoka, lakini bomba lililokishika limekwisha kupindika na viungo vyake vimeachana. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika tarumbeta, ukuta huo aghalabu hauna mwashi.

Tarumbeta lisilotengenezeka: jibu la kibuyu

Tarumbeta ambalo pistoni zake zimekwama halifi mara moja. Hurudi kuwa buruji, yaani bomba tupu lenye sauti chache. Kwa ngoma ambayo uhai wake ulikuwa katika mwendo wa kijeshi, uimbaji na mapigo ya ngoma kubwa, hizo sauti chache zilikuwa na kazi yake bado. Lakini mbali na bandari, mahali ambapo hata buruji halikupatikana, jibu lilikuwa jingine kabisa, na kwa maoni yetu ndilo jibu kubwa kuliko yote.

Kandokando ya Ziwa Nyasa, pande zote za mpaka, wapo wachezaji wa mganda, na upande wa Malawi wapo wa malipenga. Jina hilo la malipenga lina maana ya matarumbeta. Wachezaji husimama kwa mistari, hugeuka kwa amri, na huwa na vyeo kama vya beni, kwa kuwa chimbuko la ngoma hizi ni lile lile la askari na bendi zao. Hata hivyo vyombo wanavyopuliza si vya shaba. Ni vibuyu vilivyokatwa na kuunganishwa kwa ukubwa mbalimbali, vidogo kwa sauti za juu na vikubwa kwa sauti za chini. Ubavuni hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba unaotokana na kifuko cha mayai ya buibui. Mchezaji haipulizi hewa tupu kama apulizavyo tarumbeta. Huimba ndani ya kibuyu, utando ukatetemeka, na sauti yake ikatoka na mlio mkali unaokumbusha mlio wa shaba.

Tuitafakari hatua hii. Kibuyu kimebeba kazi ya tarumbeta kwa njia nyingine. Tarumbeta huzalisha sauti kwa mtetemo wa midomo katika bomba refu, na hupata ngazi ya muziki kwa pistoni. Kibuyu huichukua sauti ya koo la mwanadamu na kuivika mlio mpya, kwa hiyo hakihitaji pistoni hata moja, maana koo lenyewe linajua ngazi zote. Kwa njia hiyo wachezaji wa Nyasa waliliepuka lile fungu la tatu ambalo fundi wa mjini hakuliweza. Na kipande kinachoharibika upesi kuliko vyote, yaani ule utando, hupatikana ukutani mwa nyumba au porini bila ya senti moja.

Mtu aweza kutupinga akisema: hilo lilikuwa jibu la ufukara, na kama wangekuwa na fedha wangenunua shaba. Yawezekana wengine wangenunua. Lakini ngoma hizo ziliendelea hata baada ya uhuru, na vibuyu vyake vikawa sehemu ya uzuri wake. Jambo lililoanza kwa kukosa limekwisha kuwa desturi yenye kanuni na wajuzi wake. Historia ya utamaduni imejaa mambo ya namna hiyo.

Kutoka beni hadi dansi

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa mijini walivutwa na dansi. Tarumbeta halikutoweka, lilihama tu chama. Dar es Salaam Jazz Band ilikwisha kuanzishwa mwaka 1932, na bendi nyingi zilizofuata katika miji ya Morogoro, Tabora, Tanga na kwingineko zilitumia matarumbeta na saksafoni. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz Band chini ya chama cha wafanyakazi, na kuanzia hapo mashirika mengi ya umma yaliunda bendi zao.

Mabadiliko hayo yaliathiri umilikaji. Katika beni, tarumbeta lilikuwa la chama, na wanachama walijua nani alichanga kiasi gani. Katika bendi za mashirika, vyombo vilikuwa vya shirika, na mwanamuziki alipoondoka aliviacha. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipungua mno nchini, na vipuri vya kila aina vikawa adimu. Lile fungu la tatu likajitokeza tena, safari hii si kwa tarumbeta peke yake bali kwa kila mashine. Matrekta, mabasi na mitambo ya viwandani vilikabiliwa na swali lile lile lililowahi kumkabili fundi wa beni: lipi twaweza kulitengeneza, lipi twaweza kulibadilisha kwa kingine, na lipi hatuliwezi mpaka tuwe na kiwanda?

Beni nayo haikufa. Unguja ingali ikisikika katika arusi, ikipita mitaani na matarumbeta na ngoma zake huku watu wakiifuata kwa nyimbo. Dar es Salaam na Moshi, matarumbeta husindikiza maarusi yakipigwa juu ya magari ya wazi, na katika sharika za Kilutheri za kaskazini vikundi vya matarumbeta vina mizizi ya tangu siku za wamisionari wa Kijerumani. Mengi ya matarumbeta hayo yana viraka, na kila kiraka ni saini ya fundi asiyeandikwa jina.

Hitimisho

Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Rais Nyerere alisikitikia jinsi elimu ya kikoloni ilivyowafanya Waafrika wazidharau ngoma zao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo hakukataza kujifunza kwa mataifa mengine. Alilikemea taifa ambalo lingekataa kujifunza. Beni inakaa katikati ya mawazo hayo mawili, na ndiyo sababu imewatatiza wengi. Je, ni yetu au ni ya kuazima?

Tumejaribu kuonyesha kwamba jibu halipatikani kwa kutazama asili ya chombo peke yake. Tarumbeta lilitoka ng'ambo, na pistoni zake zimeendelea kutoka ng'ambo. Hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini mkono uliolinyoosha, lehemu iliyoliunga, ngozi iliyoshika nafasi ya kizibo, na kibuyu kilichochukua kazi yake pale liliposhindikana, vyote vilitoka kwa watu wa nchi hizi. Anayeiga hubaki mikono mitupu chombo kikivunjika. Hawa hawakubaki hivyo.

Kwa walimu wa historia na sanaa, hapa pana kazi ya kufanya na wanafunzi. Karibu kila mji una fundi wa bati, sonara, au mpigaji wa zamani aliyejifunza kutengeneza chombo chake mwenyewe. Mwanafunzi na amwendee kwa adabu, amwulize alijifunza kwa nani, anatumia zana gani, anaviitaje vipande vya tarumbeta kwa Kiswahili, na kipi kilimshinda. Ayaandike majibu hayo kwa maneno ya fundi mwenyewe. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Na nyenzo mojawapo ya taifa ni kumbukumbu ya kazi za mikono yake. Fundi akifa bila ya kuulizwa, matarumbeta yake yataendelea kulia kwa muda, lakini siku lehemu yake itakapoachia, hatakuwapo wa kutueleza namna alivyoitia.